Fundi Anayekuangalizia Bure Ndiye Ghali

(Maneno ya fundi mmoja wa magari mbele ya wanachama wa SACCOS ya walimu na wauguzi, Dar es Salaam. Yameandikwa kwa ajili ya wale ambao siku ile hawakuweza kufika.)

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, ndugu wanachama. Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu, habari za Jumamosi.

Katibu wenu aliponipigia simu, ombi lake lilikuwa fupi: njoo ututajie gereji nzuri ya bei nafuu hapa Dar, tupeleke magari yetu huko. Nimekuja, ila jina sitataja. Kwanza, leo nikitaja gereji ya mtu, kesho mtasema nimepewa chochote. Pili, na hii ndiyo sababu hasa, gereji za mji huu ni watu. Bango linabaki palepale, fundi aliyewafanya mlisifie amehamia Tegeta au kaenda zake Dodoma, na mahali pake ameshika kijana ambaye mwaka jana alikuwa anaosha spea kwa petroli. Jina nitakalowapa leo litakuwa limeshachacha kabla hamjamaliza marejesho ya mkopo. Afadhali niwape namna ya kuitambua gereji mkiwa mmesimama mlangoni pake.

Nimeyaona magari pale nje nilipokuwa naegesha. IST kadhaa, Passo, Vitz, Raum, Noah, na Harrier moja safi sana ambayo mwenyewe sitamuuliza inakunywa mafuta kiasi gani. (Kicheko.) Karibu yote yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na naambiwa karibu yote yamenunuliwa kwa mkopo wa chama hiki. Maana yake kila shilingi mnayompa fundi bila sababu inatoka kwenye mshahara ambao tayari umekatwa.

Basi nitangulize ninachokiamini, halafu nikitetee. Gereji nafuu ni ile inayokutoza pesa ya kupima. Fundi anayekuangalizia bure ndiye ghali.

Nasikia miguno. Ngojeni kidogo.

Tunajuana tunavyofanya. Gari linagonga mbele, unaingia gereji, fundi anapanda, mnazunguka mtaa mmoja, mkirudi anasema, "Bosi, shokapu hizo zimekufa." Kwa kile kizunguko umemlipa nini? Hujamlipa kitu. Angekwambia kuangalia ni elfu kumi na tano, ungemwona mwizi: kuangalia tu nako pesa? Haya, na yule fundi ana watoto, ana kodi ya eneo, ana vijana wawili wa deiwaka wanaosubiri chao jioni. Pesa yake ataitoa wapi? Ataitoa kwenye spea. Atakwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani au Kariakoo, atachukua shokapu, ataweka cha juu, na muuza duka naye atampa kidogo kwa kumletea biashara. Hata awe mwaminifu kiasi gani, tumbo lake linamsukuma aone shokapu mahali palipo na bushi ya mpira ya bei ndogo. Ujuzi wake hatuulipii, tunalipia kubadilisha vitu. Naye anabadilisha.

Wauguzi mliomo humu mnalijua hili kuliko mimi. Zamani mtu akisema ana homa alipewa dawa ya malaria akaenda nyumbani. Leo humpi mtu dawa mseto kabla kipimo hakijasoma. Magari yetu bado yako kwenye zama za homa.

Niwaonyeshe kupima kukoje, kwa sababu wengi wenu hamjawahi kukuona. Tuchukue hiyohiyo "gongo gongo" ya mbele, ugonjwa wa kila gari linalopita barabara za Goba na Kinyerezi. Fundi anayepima anaanza gari likiwa chini. Anabonyeza kona ya bodi kwa uzito wake wote, anaachia. Gari likirudi juu na kutulia palepale, shokapu bado ina nguvu. Likiendelea kunesa, imechoka. Anainama na tochi kutazama kama shokapu imevuja oili. Akiwa palepale chini anashika linki ya stabilaiza, kile kijiti chembamba chenye vichwa viwili, anakitikisa kwa mkono. Kikicheza, mara nyingi kelele mmeshaipata. Halafu ndiyo anapiga jeki na kuweka stendi. Tairi likishaelea analishika juu na chini, anavuta na kusukuma: likicheza hapo, anashuku beringi au boljointi. Analishika kushoto na kulia: likicheza, mara nyingi ni tairodi, kijiti cha usukani. Mwisho anachukua mtarimbo, anazinyanyua bushi za mkono wa chini aone kama mpira umepasuka. Kazi yote hiyo haifiki nusu saa, na akimaliza anakuita uje kuinama na wewe. Anakuonyesha kitu kinachocheza. Unakishika kwa mkono wako mwenyewe.

Sasa tupige hesabu, na bei hizi ni za mfano tu, maana sokoni zinapanda na kushuka. Tuseme fundi wa kwanza amekutoza 20,000 ya kupima, amekuta linki mbili, mmezinunua kwa 50,000, ufundi 20,000. Jumla 90,000 na kelele imekwisha. Fundi wa pili amekuangalizia bure, ufundi akakupunguzia hadi 20,000 na ukamshukuru, shokapu mbili 260,000. Umelipa 280,000, umetoka na shokapu mpya, na ukifika kwenye tuta la kwanza kelele ipo. Utarudi kwake, atakwambia, "Basi itakuwa linki." Na huyu ndiye mtakayewaambia wenzenu kazini kwamba bei zake za ufundi ni za kizalendo.

Mfano wa pili ni wa umeme, kwa sababu huko ndiko mnakoumizwa zaidi siku hizi. Taa ya injini imewaka, gari linamisi, linatetemeka kwenye foleni. Fundi anachomeka mashine, inasoma P0302. Anakwambia mashine imesema koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme. Jamani, mashine haijasema koili. P0302 inasema silinda ya pili haichomi vizuri, basi. Inaweza kuwa koili, plagi, injekta, au silinda yenyewe imepoteza mgandamizo. Kujua ni ipi kunahitaji spana ya namba 10 na subira. Kwenye IST koili zimekaa juu ya injini, kila moja imefungwa kwa bolti moja. Unaitoa ya silinda ya pili unaipeleka ya tatu, ya tatu unaileta ya pili. Unafuta kodi, yaani ile namba ya kosa, unawasha, unaendesha. Kodi ikirudi ikiwa P0303, koili uliyoihamisha ndiyo mbovu na sasa unanunua moja kwa uhakika. Ikibaki P0302, koili zako hazina tatizo, unakwenda kwenye plagi kwa mtindo uleule. Kipimo hicho hakina gharama ya kifaa chochote. Lakini nimeona watu wametoka gereji na koili nne mpya, gari bado linamisi, na zile nne za zamani hawajui ziliko. Mimi najua ziliko: ziko dukani, zinasubiri mteja wa koili used. (Kicheko.)

Vivyo hivyo P0171. Hiyo inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko inavyotakiwa kwa petroli iliyopo. Wengi wanauziwa sensa ya oksijeni, kumbe bomba la mpira baada ya chujio la hewa limepasuka na injini inavuta hewa isiyohesabiwa. Na betri pia. Gari haliwaki asubuhi, unaambiwa altaneta, ile inayochaji betri. Mita ya umeme ni kifaa cha kila fundi umeme: betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6, injini ikiwa inaunguruma iwe kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Fundi anayeniuzia altaneta bila kunionyesha namba hizo, mimi naaga.

Na hapa niseme la AC, kwa sababu jua la Dar linatufanya tuwe wepesi wa kulipa. Gesi ya AC hailiki kama petroli, inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Ikipungua kiasi cha AC kushindwa, imevuja mahali. Anayekujazia gesi kila baada ya miezi michache bila kutafuta tundu amekufanya mpangaji wake. Mwambie kwanza atafute inakovujia, na umlipe kwa kutafuta.

Ndiyo maana nasema pesa ya kupima inanunua uhuru. Ukishailipa, unaweza kusema asante, ukaondoka na majibu yako kwenda kununua spea unakotaka, hata kufunga kwa fundi mwingine. Fundi naye hana kinyongo, kazi yake imelipwa. Ukiangaliziwa bure unaondoka kwa aibu, na Waswahili hatupendi aibu, kwa hiyo hatuondoki. Tunakubali shokapu.

Sasa spea. Watu wananiuliza: ninunue mwenyewe au fundi anunue? Mimi nasema nunua mwenyewe ukiweza, lakini nenda na namba ya chesisi, usiende na jina la gari. IST ni jina tu. NCP60 ina injini ya 1.3, NCP61 ina 1.5, NCP65 ni ya magurudumu manne, na kuna vitu haviingiliani. Piga picha kile kibati cha taarifa za gari, kiweke kwenye simu. Fundi anayekuuliza namba ya chesisi kabla ya kwenda dukani, huyo mshike. Anayesema "leta tu ya IST" atakurudisha Kariakoo mara mbili, na nauli ni yako.

Kununua mwenyewe kuna gharama yake, lazima niseme. Ukileta spea feki, fundi haibebi lawama. Akileta yeye, anawajibika kwa kifaa na kwa kazi. Kwa hiyo kama huna muda wa Kariakoo, mkubalieni cha juu kwa uwazi: bei ya risiti ya duka, na juu yake kiasi fulani kwa usumbufu wake. Mafundi wengi watakubali mkiwaambia hivyo kwa heshima. Tabu inakuja pale unapombana kwenye ufundi kutoka elfu thelathini hadi kumi, unajiona mjanja, halafu yeye anajifidia kwenye risiti ya duka usiyoiona. Na asipojifidia huko, atalipua kazi. Bolti sita atafunga nne.

Spea za kugusa uhai, yaani breki, tairodi, boljointi, usitafute za bei ya kutupa. Used kutoka Japani kwa vitu kama altaneta, kioo, taa, mlango, sina ugomvi nazo hata kidogo, nyingi ni bora kuliko mpya ya ajabuajabu. Breki pedi used? Hapana. Tairi used tazama tarehe ubavuni, zile tarakimu nne za mwisho ndani ya kiduara: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri, yale maua ya kukanyagia, na mpira umeshazeeka.

Oili nayo inachakachuliwa sana, na makopo matupu yenye nembo kubwa yana soko lake. Nunua kwa wakala, tazama kama mfuniko una lakiri yake ya usalama, kopo lifunguliwe mbele yako, na likishamiminwa litobolewe au uondoke nalo. Injini ya IST ya 1.5 inachukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo kopo la lita nne linatosha na kinabaki kidogo cha kuongezea. Ukiona umelipishwa lita tano, uliza.

Kuhusu kilomita za kubadilisha, kuna ubishi usiokwisha. Watengenezaji kule Japani wanaandika kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa Toyota nyingi za petroli zisizo na tabo (turbo), lakini haohao wanaandika kwamba kwa matumizi magumu ni nusu yake, 7,500 au miezi sita. Matumizi magumu ni vumbi, safari fupifupi, kwenda polepole na kusimama. Hiyo ni Dar es Salaam imeandikwa kwa Kijapani. Mimi kwa oili nzuri ya 5W-30 nakaa kati ya 5,000 na 7,000, na sioni sababu ya kushuka chini ya hapo. Fundi anayekuandikia stika ya kurudi baada ya kilomita 3,000 kwa kila gari bila kuuliza umeweka oili gani anajipangia mshahara. Na ile oili nzito ya SAE 40 ya pipa ni ya injini nyingine, achaneni nayo.

Swali moja la kumpima fundi, ambalo ni rahisi na halina ubaya. Ukiwa na IST, Passo au Vitz, muulize: "Fundi, timing belt ya hili gari nibadilishe lini?" Anayelijua gari atakwambia halina mkanda huo wa kuendesha valvu, lina cheni, sikiliza tu kelele na badilisha oili kwa wakati. Anayekwambia "leta, nitakufungia, shilingi kadhaa" umeshamjua. Lakini msiitumie vibaya hiyo, kwa sababu Carina TI ina mkanda, RAV4 ya zamani ina mkanda, Noah ya zamani ya injini ya 3S ina mkanda, na Subaru Forester nyingi za zamani zina mkanda ambao ukikatika unaweza kukupindia valvu. Wenye magari hayo wanaubadilisha kwenye kilomita 100,000 hivi. Kama hujui ulibadilishwa lini, na kwenye gari lililotoka mnadani kwa kawaida hujui, tafuta stika chini ya boneti. Mafundi wa Japani hubandika. Usipoiona, badilisha.

Lingine ni gia boksi. Magari mengi madogo ya miaka ya karibuni yana CVT, gia boksi otomatiki inayobadilika bila hatua, na oili yake ni yake peke yake. Ukiwekewa ATF, oili ya kawaida ya gia otomatiki, umeua gia boksi, na hapo hakuna fundi wa bei nafuu. Muulize fundi atakuwekea nini na kwa nini. Akisema "oili ya gia ni oili ya gia", shukuru, ondoka.

Sasa, nani apelekewe nini? Hapa watu wanadhani lazima gari zima liwe na gereji moja. Wapi! Wale mafundi wa chini ya mwarobaini, kwa breki, oili, plagi, miguu ya gari, mara nyingi hawana mpinzani. Magari haya wameyafungua kuliko mtu yeyote, na baadhi wamepata vyeti kupitia urasimishaji ujuzi wa VETA ingawa darasani hawakukaa. Mimi nilipita VETA Chang'ombe na nawaambia kuna watu chini ya miti walionifundisha zaidi. Alaimenti na balansi ya magurudumu hiyo ni mashine, nenda penye mashine na udai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Gia boksi, fundi wa gia boksi. Wakala wa kampuni bei yake inauma, lakini kuna vitu nisingevipeleka kwingine: eabegi, ufunguo wenye chipu, kuprogramu kompyuta ya gari. Na wale wachache mnaonunua gari jipya lenye dhamana, someni kitabu cha dhamana kabla fundi wa mtaani hajaligusa.

Nanyi mnaofikiria kuchukua mkopo wa gari mwezi ujao: gereji yako unaichagua siku unayochagua gari. IST haina heshima mbele ya wakwe, lakini kila fundi kutoka Mbagala hadi Bunju anaifahamu na kila duka lina spea yake. Ukichukua gari la Kijerumani la mtumba kwa bei sawa na ya IST, jiulize kwa nini bei imekuwa sawa. Mafundi wake ni wachache, na wanajua kwamba ni wachache.

Dalili za kutazama siku ya kwanza nitazipitia harakaharaka, maana Mwenyekiti anatazama saa. Anaandika kilomita na malalamiko yako kabla ya kufungua boneti? Ana stendi za kuegemeza gari, au analala chini ya jeki? Asiyejali roho yake hatajali breki zako. Anakupa makadirio kwa maandishi, hata kwa WhatsApp, na anakupigia kabla ya kuongeza kitu? Vifaa vya zamani anakurudishia bila kuombwa? Anatoa risiti ya EFD? Risiti ni wajibu wako kuidai kisheria, na pia ndiyo ushahidi wako ukiuziwa feki na ukataka kufika Tume ya Ushindani. Na magari mangapi yamekaa pale yameota majani? Gereji yenye magari mengi yaliyofunguliwa na kuachwa ni gereji inayokopa spea kutoka gari hili kwenda lile.

Naomba maswali.

(Mwalimu mmoja wa Tabata aliuliza: "Nikienda mimi bei ni nyingine, akienda mume wangu bei ni nyingine. Nifanyeje?")

Dada yangu, hilo ni kweli na ni aibu yetu mafundi. Usianze kwa kulipeleka gari. Anza kwa ujumbe wa simu, andika gari, mwaka, kilomita, tatizo, uliza pesa ya kupima ni ngapi. Tuma kwa gereji tatu. Kwenye maandishi hakuna sauti ya mwanamke wala ya mwanamume, na bei ikishaandikwa ni ngumu kuibadilisha ukifika. Ukifika, sema maneno haya: "Naomba unionyeshe kinachocheza." Hayo tu. Huna haja ya kujifanya unajua injini.

(Mzee mmoja mstaafu: "Fundi wangu ni shemeji. Siwezi kumwambia anirudishie spea za zamani, ataona simwamini.")

(Kicheko kirefu.) Mzee wangu, hapo umenishika pabaya. Shemeji mlipe ya kupima kwa nguvu hata akikataa, umwekee mfukoni. Mashemeji wengi wanatuumiza kwa sababu tunawaumiza kwanza: hatuwalipi, tunawapigia saa nne usiku, tunasema ni ndugu. Kuhusu spea za zamani, mwambie fundi mwingine uliyewahi kwenda kwake alikuwa anakupa na umezoea kuziweka stoo. Akiwa hana neno atakupa. Na kama ana neno, peleka gari la pili la familia kwa mtu mwingine, udugu ubaki salama.

(Muuguzi wa Temeke: "Nina Aqua ya haibridi. Gereji zote zinaniambia betri kubwa imekufa, ninunue nyingine.")

Zote zimekuambia hivyo baada ya kupima au baada ya kuona taa? ("Taa.") Basi bado hujaambiwa kitu. Betri ya haibridi ni mkusanyiko wa vyumba vingi vidogo, na mashine inayofaa inasoma volti ya kila kundi la vyumba peke yake. Mara nyingine kundi moja ndilo limeshuka, mara nyingine ni kutu kwenye vibati vya kuunganishia, na mara nyingine betri imekufa kweli. Omba orodha ya volti hizo kwa maandishi, kisha tuongee bei. Halafu kuna jambo jingine ambalo karibu hakuna anayelitazama: ile betri inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, na tundu lake liko chini ya kiti cha nyuma au pembeni yake, kutegemea gari. Likijaa vumbi na nywele za mbwa na mabaki ya bisi za watoto, betri inapata joto na inachakaa mapema. Unabeba watoto wa shule? ("Ndiyo, wanne.") Haya, tukitoka hapa tukutane kwenye gari lako, tukaanze na hilo tundu. Hiyo kweli nitakuangalizia bure.